Kuku wa Koneksheni

Editha Gasto wa Ilongero ana shahada ya ununuzi na ugavi. Aliichukua Dodoma, akapigwa picha na joho, picha ikatundikwa sebuleni juu ya kabati la vyombo, na kila mgeni akiingia lazima aitazame kabla hajapewa kiti. Ukimuuliza shahada hiyo imemsaidia kusafirisha mzigo gani, atakuambia bila kuficha: kuku, kutoka banda la mama yake hadi geti la Bosi Stanley mjini Singida. Tena angekuwa anawauza, ningemwita mfanyabiashara, tukampongeza, yakaisha. Alikuwa anawatoa bure.

Tuanze na mama, maana kuku ni wake. Eliana ni mjane asiye na ng'ombe, na huku kwetu mtu asiye na ng'ombe hata kwenye kikao huombwa asogee kidogo. Yeye alikuwa na kuku. Hao kuku ndio waliomlipia Editha sare, madaftari, nauli na godoro la bweni. Shuleni wenzake walijua: Editha akirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada leo, kesho kuna jogoo wa Eliana anakwenda mnadani akipiga kelele. Siku ya sherehe ya kumaliza chuo kijiji kizima kilikuja, wakala pilau, wakacheza, na mchungaji akasimama akasema elimu ni ufunguo wa maisha. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza kama mlango wenyewe una kitasa.

Basi Editha akakaa nyumbani na ufunguo wake. Akaomba kazi hapa, akaomba pale. Kazi ya kuanzia maisha inataka uzoefu wa miaka mitatu. Sasa huo uzoefu mtoto wa watu ataupata wapi, tumboni mwa mama yake? Akaitwa usaili Dodoma, akakuta umati ungedhani ni mkutano wa injili, wote wameshika bahasha za kaki, wote wanagombea nafasi za watu wa kuenea benchi moja. Akahudhuria semina ya vijana. Ofisa mmoja mwenye mshahara, gari na chupa ya maji ya baridi aliwaambia waache kusubiri ajira, wajiajiri. Kijana mmoja akauliza yeye mwenyewe alijiajiri lini, na hapo hapo muda wa maswali ukawa umekwisha. Wakapewa soda na kofia. Kofia ile Editha huivaa akienda kupalilia alizeti.

Wala hayuko peke yake. Kijiwe cha bodaboda pale Ilongero kina vyeti vingi kuliko ofisi ya kata. Sultani, aliyekuwa akimpeleka mjini kila mara, amesomea takwimu. Ukimpunguzia nauli anakujibu kama mtu anayetetea utafiti wake.

Ndipo likaja neno koneksheni, yaani uwe na mtu wako ndani ya ofisi.

Stanley ni mtoto wa jirani, nyumba ya ng'ambo ya uzio wa minyaa. Alimaliza chuo miaka mingi kabla ya Editha, na tangu hapo yuko ofisini mjini. Ofisi gani, anafanya nini, watu hawakuona haja ya kuuliza. Ana shati jeupe, ana kitambulisho shingoni, na akija nyumbani Krismasi anaongea taratibu. Kijiji kikamwita Bosi. Mama yake naye huwezi kukutana naye kisimani ukamaliza salamu kabla hajakutajia "mwanangu wa ofisini".

"Mkono mtupu haulambwi," Eliana akasema, akamfunga miguu tetea mweusi, akamkabidhi Editha.

Stanley alimpokelea nje ya geti, kwenye kivuli cha ukuta.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mama hajambo? Sasa sikiliza, mdogo wangu. Suala lako nimeshalifikisha mezani. Liko kwenye mchakato."

Eliana hakujua mchakato ni mnyama gani, lakini alilipenda lile neno. Kanisani wakimuuliza habari za Editha alijibu, "Yuko kwenye mchakato," na wenzake walitikisa vichwa kama wameambiwa yuko Ulaya.

Na mchakato ulikuwa na tumbo, jamani! Ulikula tetea mweusi. Ukala yule wa madoadoa, ukala kuku wa Pasaka, ukala wale wadogo waliokuwa wameanza tu kuota manyoya ya maana. Kila Editha akifika getini, suala limesogea. Limetoka meza hii, liko meza ile, limebaki sahihi. Eliana aliacha kula mayai ili yaanguliwe, na yakianguliwa, vifaranga wanakua kwa jina la Bosi Stanley. Editha aliona mama yake anavyokonda na roho ilimuuma kweli.

"Mama, hawa kuku wataisha."

"Waishe. Kuku huzaliwa. Kazi inazaliwa?"

Wakaisha. Akabaki Kishingo, jogoo mwekundu asiye na manyoya shingoni, mkali, aliyekuwa akiwaamsha majirani wa pande zote. Huyo akienda, hata ukipewa tetea hana wa kumpanda. Eliana alimkamata asubuhi moja, akamfunga miguu kwa kitambaa cha kitenge, akamkabidhi Editha. Editha aliapa moyoni kwamba huyu hapotei bure. Leo haondoki getini bila jibu.

Sultani akampeleka na kubaki ng'ambo ya barabara kumsubiri. Stanley hakupokea simu. Editha akamfuata mlinzi.

"Namtafuta Bosi Stanley."

"Stanley yupi? Huyu wa kujitolea?"

"Hapana. Bosi."

Mlinzi alicheka mpaka akashika nguzo ya geti. "Pita, dada. Zunguka korido ya nyuma, utamwona huyo bosi."

Editha akapita na jogoo kwapani. Koridoni akamkuta Stanley, shati jeupe, kitambulisho shingoni, mkono mmoja chupa ya chai, mkono wa pili sinia la vikombe. Sauti ya mama mmoja ikatoka kwenye chumba, "We Stanley! Chapati zangu umezifuata Manyoni?"

"Zinakuja, mama."

Akageuka, wakaonana. Kishingo, asiyejua ofisi ni kitu gani, akawika.

Walikwenda kuongelea nyuma ya tangi la maji.

"Miaka yote hii?" Editha akauliza.

"Miaka yote. Najitolea. Kila mwaka wananiambia mkataba unakuja."

"Na kuku wa mama yangu?"

Stanley akatazama viatu vyake. "Nampelekea mkuu wa kitengo. Wako, na wa wengine pia, maana si wewe peke yako. Ili anikumbuke mimi."

Editha hasira zilimpanda mpaka masikio yakawaka. Mama yake hali yai! Mama yake mjane ananyima tumbo lake, kumbe anamhonga mtu kwa niaba ya mpika chai! Akamwambia hivyo hivyo, bila kupunguza, na Stanley alisikiliza yote hadi mwisho.

"Sikuanza kwa kudanganya, Editha," akasema. "Siku nilipopata nafasi hii ya kujitolea, mama aliniuliza, umepata? Nikautazama uso wake. Nikasema nimepata. Neno moja tu. Kesho yake nikaona mtu mlangoni na kuku."

Ungedhani ameishia hapo. Hakuishia. Alisogea karibu, akapunguza sauti. "Mkuu anaamua mikataba wiki hii. Nikiingia mimi, nakuvuta na wewe. Niachie huyo jogoo." Na mkono, amini usiamini, akaunyoosha.

"Huyu hapana, kaka."

"Basi usimwambie mama yangu."

Editha akampa mgongo. Alitoka getini na Kishingo wake, mlinzi bado anacheka, Sultani akawasha pikipiki. Njia nzima, vumbi na upepo wa Singida vikimpiga usoni, alikuwa anapanga maneno. Mama, Stanley si bosi. Mama, tumeliwa. Naomba lieleweke: alikuwa amedhamiria kabisa kusema kweli.

Eliana alikuwa uani anapepeta mtama. Alipomwona Kishingo anashuka kwenye pikipiki akiwa mzima, aliuweka ungo chini. Huku kwetu kuku hatolewi akarudi. Ukirudishiwa kuku umetukanwa, wewe na ukoo wako.

"Amemkataa?" akauliza, na sauti ilikuwa ndogo sana.

Ng'ambo ya minyaa shingo ya Mama Stanley ikachomoza. Editha akautazama uso wa mama yake, mifupa ya mashavu ile, macho yale, na maneno yote aliyoyapanga njiani yakamkauka.

"Hajamkataa, mama. Amesema huyu abaki awe mbegu."

Uongo mdogo, wa kumwokoa jogoo na kumsitiri mama mpaka kesho, apate pa kuanzia. Lakini Eliana hakuwa mtu wa kusubiri kesho. Alimtazama Kishingo, kisha uso ukaanza kufunguka.

"Mkubwa siku zote anapokea kuku kwa sababu suala bado. Sivyo?"

"Mama..."

"Leo kamrudisha. Mtu anarudisha kuku akiwa hana tena cha kukudai. Kazi umepata! Umepata, nawe unanificha!" Kigelegele kikamtoka. "Mama Stanley weee! Mwanao kaniinua!"

Mama Stanley akajibu kwa kigelegele kirefu zaidi, maana sifa ni za kwake. Sultani akapiga honi. Editha akasema mama subiri, akasema mama nisikilize, nani amsikilize? Eliana alishaleta kisu na kumpa Sultani, maana huyo akichinja, Mkristo atakula na Mwislamu atakula.

"Lakini huyu ndiye mbegu!" Editha akalia.

"Mbegu ni wewe," mama akasema. "Kazi haiingii kwenye nyumba isiyonukia mchuzi."

Akachinjwa Kishingo. Watu wakaja na ugali ukapikwa mkubwa. Sasa ujue, firigisi huliwa na mwanamume wa nyumba. Tangu mumewe Gasto alipofariki, Eliana alikuwa akiikatakata na kuichanganya kwenye mchuzi, isionekane. Siku ile aliitoa nzima, akaiweka kwenye sahani ya Editha mbele ya watu wote.

"Kula. Baba wa nyumba hii sasa ni wewe."

Editha akatafuna. Firigisi ya jogoo mzee ni ngumu, na ile ilikataa kabisa kushuka. Machozi yakamtiririka.

"Lia, mwanangu," Eliana akasema, naye akajifuta kwa ncha ya khanga. "Hata furaha ina machozi. Unaanza lini?"

"Jumatatu."

Asubuhi, hata chai haijachemka, hodi ikapigwa. Alikuwa Mzee Antipasi wa nyumba za juu, amevaa koti lake la kanisani katikati ya juma. Akavua kofia. Mzee yule hajawahi kumvulia kofia hata diwani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, bosi."

Kwapani ana tetea mnene, kamba mguuni.

"Noel wangu naye kamaliza chuo," akasema. "Yupo tu pale nyumbani, anaangalia dari. Mimi nimemwambia, dada yako Editha si mtu wa kusahau alikotoka. Sasa tumeona tusije mikono mitupu."

Editha akafungua kinywa. Kweli ilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi. Nyuma yake kulikuwa na banda tupu, mlango wazi, na mama yake amesimama kizingitini na mwiko mkononi, uso unang'aa vile ambavyo haujang'aa tangu siku ya joho. Akafikiri, nitasema Jumapili. Nitasema nikipata chochote, hata cha kufagia.

"Nitalifikisha mezani, baba," akajisikia anasema. "Liko kwenye mchakato."

Eliana akampokea yule tetea, akamfungua kamba, akamwingiza bandani. Mzee Antipasi akavaa kofia yake na kuondoka, akilirudia lile neno njia nzima, mchakato, mchakato, asije akalisahau kabla hajafika kumwambia Noel.