Sehemu ya Pili ya Mwalimu Urbani

Ukitaka kumuudhi Mwalimu Urbani wa kijiji cha Ukata, usimtukane wala usiguse kahawa yake. Mwambie tu kwamba sehemu ya kwanza ya igizo lake ilikuwa nzuri sana. Atakushukuru, atatabasamu, kisha atakaa kimya akingoja umalizie. Usipomalizia, umemharibia wiki nzima.

Si mwalimu wa shule. Ni mkulima wa kahawa na mahindi, aliyekabidhiwa kinanda cha parokia akiwa kijana, akazeeka nacho. Kila Pasaka kwaya yake hucheza igizo la nyimbo, na yeye ndiye mtunzi. Humo watu hugombana kwa kuimba, huposana kwa kuimba, na mtu akitaka kufa sharti aimbe kwanza. Katikati kuna mapumziko ya chai. Kabla ya chai ni sehemu ya kwanza, baada ya chai ni sehemu ya pili, na hapo ndipo penye maneno.

Maana watu wa Ukata huyalinganisha maigizo hayo kama wengine wanavyolinganisha timu za mpira. Chukua "Harusi ya Mlimani". Sehemu ya kwanza bibi harusi anajifungia ghalani, anakataa kutoka mpaka mama mkwe amwimbie, na mama mkwe hajui kuimba. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Sehemu ya pili akaja mkuu wa wilaya kuhutubia juu ya faida za ndoa. Au chukua "Mtumbwi wa Shemeji". Sehemu ya kwanza mashemeji wawili wanavutana juu ya mtumbwi mmoja, ukumbi mzima umesimama. Sehemu ya pili anatokea daktari kutoka Songea. Hakuna aliyeumwa, wala hakuna aliyemwita.

"Mwalimu, sehemu zako za kwanza ni pilau," alimwambia siku moja Abdulhamid, fundi cherehani wa Mbinga mjini anayeshona mavazi ya kwaya na ambaye, Mwislamu alivyo, hajawahi kukosa igizo hata moja. "Za pili ni maji ya kuoshea sufuria."

"Na bado unayanywa kila mwaka, Fundi," akajibu Urbani.

"Nangoja nguo zangu, ndugu yangu. Nikiondoka mtazichana."

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akizitetea sehemu za pili, naye ni Kunigunda, mke wake. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu bila kupepesa macho: "Za kwanza zina wapenzi wengi. Za pili zina mimi." Urbani alimpenda kwa mengi, lakini kwa hilo alimpenda kupita kiasi.

Nyumbani Ukata watu walivumilia hadi mwisho, maana wote ni shangazi na binamu. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Kuhusu kucheza kwa wenzao walinyamaza. Kila Jumatatu ya Pasaka kwaya hupanda lori na kuteremka hadi Kihagara, ufukweni mwa ziwa, kulicheza igizo huko. Na kila mwaka watu wa Kihagara hucheka sehemu ya kwanza, hunywa chai, na hawarudi. Urbani huongoza kwaya akiwa amewapa watazamaji mgongo, kwa hiyo aibu humfika mwishoni, anapogeuka kuinama na kukuta anaviinamia viti.

Mwaka mmoja alikuwa amekwisha kumwambia padre kwamba anamwachia kinanda kijana Steven, mwanafunzi wake. Kabla ya kukiachia alitaka jambo moja tu: watu wa Kihagara wakae mpaka mwisho. Hakuwaambia wanakwaya. Alimwambia Kunigunda, tena gizani, kwa sababu mchana angeona haya.

Mwezi wa tatu, mvua ilipoanza kulegea, ikafika kazi ya ngolo. Asiyejua mashamba ya Umatengo aambiwe: kwenye miteremko yetu tunalima kwa mashimo, na hiyo ndiyo ngolo. Mwanamume hufyeka nyasi, huziacha zinyauke, kisha huzilaza kwa mistari inayokatana mpaka mteremko wote uwe wa miraba. Akimaliza hupangusa panga, hutazama kazi yake akajisifu, huenda zake. Mwanamke ndiye anayebaki na jembe. Huchimba katikati ya kila mraba na kuutupa udongo juu ya nyasi, panapatikana shimo na kingo zake, halafu hupanda maharage kwenye kingo. Urbani alisifika kwa miraba iliyonyooka. Jembe la ngolo hakuwahi kulishika.

Sasa goti la Kunigunda likavimba. Mawifi walikuwa kwenye mashamba yao, binti yao Jacqueline yuko Songea kwa mumewe, na maharage hayamngoji mtu. Urbani akachukua jembe. Kunigunda akaketi ukingoni mwa shamba juu ya beseni lililopinduliwa, mguu umenyooshwa, macho kodo.

"Mwalimu, umeolewa lini?" Vitalia, jirani yao, alipaza sauti toka ng'ambo ya kijito. "Mahari hatujala!"

Urbani akajifanya hakusikia. Alikwangua juu juu, udongo ukamwishia, akanyoosha jembe kuchota kwenye mraba wa pili.

"Baba Jacqueline, huo udongo unauiba wapi?"

"Wa hapa hautoshi."

"Unatosha. Umo humo humo katikati, chini kidogo. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Inama, mume wangu."

Akainama. Udongo ulikuwepo, mweusi, mwingi kuliko alivyohitaji. Hapo Kunigunda akasema lile alilolihifadhi kwa miaka.

"Unalaza nyasi vizuri, kisha unaondoka. Na maigizo yako ni hivyo hivyo. Ukimaliza miraba yako, badala ya kuchimba unakwenda Songea kuchukua daktari. Halafu unalalamika kwamba watu wanaondoka nusu. Wewe mwenyewe umebaki lini?"

Yalimchoma. Alichimba hadi wakati wa ugali. Alifikiri juu ya mkuu wa wilaya, juu ya daktari, juu ya miteremko yote aliyoipa kisogo huku mkewe akibaki na jua. Aliona aibu, na ilikuwa aibu ya haki.

Kesho yake alilipasua igizo la mwaka ule. Lilikuwa la dada wawili wanaogawana shamba la baba yao. Sehemu ya kwanza wanakimbizana na kamba ya mpaka wakiimba kwa vifijo, "Hapa ni kwako, hapa ni kwangu." Sehemu ya pili alikuwa anakuja bwana ardhi kuwapatanisha. Urbani akamfuta bwana ardhi. Hamphrey, mweka hazina wa kwaya aliyekwisha kununua kofia ya kuchezea nafasi hiyo, alinuna mpaka Jumapili ya Matawi. Badala yake Urbani akamweka dada mkubwa, sasa mzee, peke yake kwenye ule mpaka, akiimba wimbo ule ule wa mwanzo, polepole. Hakuongeza hata neno.

Jumatatu ya Pasaka ukumbi wa Kihagara ulijaa. Kunigunda alipewa benchi la mbele na kigoda cha kuwekea mguu. Sehemu ya kwanza watu walicheka, wakapiga vigelegele. Ikaja chai. Na kabla vikombe havijaisha, wingu likatokea ziwani, mtu akapiga kelele nje: "Usipa! Usipa utalowa!" Usipa ni dagaa wa ziwa letu, na siku ile ulikuwa umeanikwa ufukwe mzima. Wanawake wakatoka mbio, wanaume wakawafuata, ukumbi ukabaki mweupe.

"Si unaona," alisema Urbani, akiwa amekaa kwenye kinanda.

"Wamefuata usipa. Wangoje," akajibu Kunigunda kutoka benchi lake.

"Kila mwaka kuna jambo."

"Na kila mwaka chai ikiisha unaanza, mtu awepo asiwepo. Hujawahi kuwangoja hata siku moja."

Hamphrey akasema waanze, dereva wa lori analalamika, barabara itateleza. Steven naye akamtazama mwalimu wake. Urbani akafunika kinanda, akateremka jukwaani, akakaa kando ya mkewe. Mvua ikalipiga bati. Moyo wake ulikuwa mdogo kama punje ya ulezi, nami simcheki kwa hilo.

Kwanza aliingia mama mmoja, kalowa chapachapa, na beseni la usipa kichwani. Akaketi, akalipakata beseni. Nyuma yake wengine, na wengine, mabeseni mapajani, mpaka ukumbi mzima ukanuka ziwa. Abdulhamid akaitazama kanzu yake, akasogea kuwapisha.

Urbani akarudi kwenye kinanda, akawapa mgongo kama siku zote. Dada mkubwa akaketi kwenye mpaka. "Hapa ni kwako," akaanza, polepole. Nyuma ya mgongo wa Urbani sauti moja ikadaka, chini chini: "hapa ni kwangu." Kisha ya pili. Kisha benchi zima, maana wimbo walikuwa wameujua tangu kabla ya chai. Hakuhitaji kugeuka ili ajue. Alilia mbele ya kwaya yake, nao wakaendelea kuimba wakimtazama.

Kwenye lori Abdulhamid alitafuta neno la utani, akalikosa, akasingizia usingizi. Urbani akamwinamia Kunigunda.

"Haya, Mama Jacqueline. Umeonaje?"

"Ya pili nzuri," alisema Kunigunda. "Ya kwanza ndiyo imekuwa ndefu kidogo."

Mwezi wa tatu mwingine ulipofika, Steven alikuwa na kinanda, na goti la Kunigunda lilikuwa limepona. Urbani alilaza nyasi zake, akalipangusa panga. Kunigunda akashika jembe, na alipogeuka akamkuta mumewe kashika lingine.

"Nenda nyumbani, Baba Jacqueline. Mimi nimepona."

"Najua," alisema Urbani, akainama.