Fundi Kibwana Hakusahau Kamani

Mpaka leo haijaniingia akilini, ndugu zangu. Fundi Kibwana wa Mlali, fundi wa bastola wa shamba letu la katani, tumemzika jana.

Ninayeandika ni mtani wake, Mnyamwezi, mvuta mivukuto wa karakana. Shule nilisoma kidogo, herufi zangu mnaziona. Karatasi hii naibandika hapa mlangoni pa duka, Mwembesongo. Asiyejua kusoma asomewe.

Nilipofika kutoka kwetu sikumpenda. Kila mara aliitwa kwa bwana mkubwa, anarudi kimya. Nikasema huyu anapeleka maneno yetu. Siku ya tano nikamuuliza usoni.

"Napeleka bastola, mtani. Maneno yenu nani anayataka?"

Halafu yeye akaanza: "Ninyi mnatembea miezi mitatu kuja kubeba mizigo ya watu. Kwenu mizigo imekwisha?"

"Ipo tele. Wavivu wa kubebewa ndio wako huku kwenu."

Tangu hapo ni matusi kutwa nzima, na ugali sahani moja.

Bastola ilikuwa ya shamba. Risasi zake kubwa huja kwa meli, ni adimu. Bwana mkubwa akataka wasimamizi wajifunze shabaha kwa zile ndogo, zinazowaka zikigongwa ukingoni mwa kitako. Kibwana akatengeneza mtutu wa pili, mwembamba. Huo haukumsumbua. Kilichomsumbua ni kamani.

Kamani, kwa msiojua, ni ule waya uliosokotwa unaorudisha chuma cha juu mahali pake kila bastola ikilia. Risasi ndogo haina nguvu, inataka kamani laini, la sivyo ganda linakwama. Kubwa inataka ngumu. Ukipiga kubwa kwa kamani laini, chuma kinakuja nyuma kama teke la punda.

Alikata kamani sita, zote zikakwama. Ya saba ikatema maganda kumi mfululizo. Alinipigia saluti kama askari, uso mweusi kwa masizi, nami nikampigia!

Kamani isiyokuwa ndani ya bastola aliivaa shingoni kwa uzi, asije akakosea. Nikamwambia amevaa hirizi ya Wazungu.

"Hirizi yako wewe ni tumbo," akanijibu.

Msimamizi wetu, jina silitaji, alitaka kifyatulio kipigwe tupa mpaka kiwe cha kugusa tu. Kibwana alikataa mbele ya watu. "Nikikilegeza hivyo, bwana, utajipiga paja ukipanda punda." Tulicheka sote. Msimamizi hakucheka. Macho yake niliyaona.

Juzi wakaja wageni kutazama shabaha. Msimamizi akaileta bastola ndani ya mfuko wake wa ngozi. "Imeshajazwa. Piga upesi, wageni wamesimama juani."

Kwetu karakanani fundi ndiye hupiga wa kwanza. Kibwana akachomoa, akapiga. Chuma kikaruka nyuma, kikampata jichoni. Hakusema neno tena.

Hata hajapoa, msimamizi ameshapata sababu: "Fundi kasahau kubadili kamani." Bwana mkubwa akaandika hivyohivyo. Uzembe wa fundi.

Kaka yake Kibwana alilia kwa hilo kuliko kwa kifo. "Baba yetu alikuwa mhunzi, mtani. Leo tunazika mzembe?"

Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Shingoni nikakuta kamani ngumu. Maana yake alijua ndani mna laini, mtutu mwembamba na risasi ndogo, kama alivyoiacha. Basi ule mtutu mkubwa tuliokuta ndani uliingiaje? Na yeye, mbona hakutazama tundu la mtutu kabla ya kupiga? Hilo nalo linanikera, sifichi. Ila aliharakishwa, na aliyemharakisha nilimwona.

Makaburini, kabla hajateremshwa, nikaruka ndani ya kaburi, nikalala chali. Watu wakaguna, mtani ameanza. Mmoja akaniahidi kuku ili nitoke.

"Sitaki kuku. Sitoki mpaka niambiwe nani alirudisha mtutu mkubwa."

"Mtoeni huyo mlevi!" Alikuwa msimamizi.

Kaka yake marehemu akamgeukia. "Huyu ni mtani wetu, ana haki yake. Ajibiwe atoke, tumzike mwenzetu."

Nilikuwa naona mbingu tu na miguu ya watu. Mimi nimetulia, udongo unanidondokea usoni.

"Mimi nilipiga nguruwe mmoja tu aliyeingia shambani, kwa mtutu mkubwa!" msimamizi akafoka. " Nikairudisha mfukoni. Mambo ya kamani ningeyajuaje?"

Makaburi mazima yalisikia. Risasi kubwa ya nguruwe, kwa kamani laini, ndiyo iliyopasua chuma, na iliyofuata ikamkuta fundi. Nikatoka, nikajikung'uta, tukamzika.

Msimamizi alisahau au alikusudia? Mimi simwamini, wala ninyi siwalazimishi. Lakini mtu asiniambie tena kwamba Kibwana alikuwa mzembe.

Nimeitwa ofisini kesho asubuhi. Kwa mazungumzo, wanasema. Mazungumzo gani yanaletewa askari wawili kutoka bomani? Nitakwenda, na nitasema yaleyale. Kaka yake atakuja nami, na watu wa Mlali waliosikia wameahidi kuja.

Mtani wangu, mbishi wa milimani, kwenu wanakutaja fundi, mwana wa mhunzi. Lala pema.