Maikromita ya Kaka Mkubwa

Karakana ile ina chumba kimoja kisicho na dirisha. Kimezungushiwa wavu wa chuma hadi darini na mlango wake una kufuli, maana humo ndimo vinamokaa vyombo vya kupimia, na vikipotea kazi yote inalala. Wakereza vyuma wanakiita kizimba, na mtu anayekaa humo wanamwita Mfungwa. "Mfungwa, chai unakunywa?" humwuliza kila asubuhi kupitia wavuni, naye hutoa kikombe chake kwenye tundu la kupitishia vyombo na kucheka nao. Zamani alicheka kwa moyo. Siku hizi ni meno tu.

Ijumaa moja hata meno yaligoma. Mkewe, muuguzi, alikuwa amehamishiwa mji wa mbali, akaenda na watoto, na Mfungwa akaahidi kuwafuata akishaaga kazini. Miezi ikakatika, kuaga kukawa wimbo. Juzi mke alipiga simu na hakugomba hata kidogo, jambo ambalo lilimtisha mume kuliko ugomvi wowote. Alisema asipomwona akishuka kwenye basi la Jumamosi, hatamwuliza tena.

Mtu mwingine angesema, si uage tu? Rahisi kusema. Mwenye karakana ni kaka yake mkubwa, aliyemlea tangu baba yao alipofariki, akamfundisha kupima kitu chembamba kuliko unywele. Kila Mfungwa alipokwenda ofisini kuaga, aliishia kuulizia kazi, akarudi na chombo kingine cha kusafisha. Na kizimba kina sheria ya kaka: aliyefungua chombo ndiye atakayekifunga, na chombo hakilali wazi. Sasa vyombo vilikuwa haviishi.

Cha siku hiyo kilikuwa maikromita ya kupimia unene, ya kaka mwenyewe, ambayo haazimwi mtu. Kaka alisema imekuwa ngumu, aitazame. Mfungwa akatandika kitambaa cheupe, akakizungusha kishikio chake taratibu hadi ufito wa kupimia wote ukatoka. Ulitoka kwa kulalamika. Ndani, nati ya kurekebishia ilikuwa imekazwa kama ya gurudumu la lori, na kwenye hesi zile nyembamba, mifuo ya skrubu ya ufito, mlikuwa na nyuzi za tambara la mashine, zimejiviringisha kila mahali. Hata mlevi hasafishi maikromita kwa tambara la mashine.

Aliyeifungua nani? Funguo za kizimba ni mbili, yake na ya kaka. Damu ikamchemka. Akaona wazi kwamba kaka ameshanusa safari, na sasa anaharibu vyombo makusudi ili yeye asibanduke. Akaziosha hesi kwa benzini na brashi laini, akachomoa nyuzi moja moja kwa kibanio, akafuta ncha mbili zinazokibana kitu kinachopimwa. Mikono ilifanya kazi kwa upole, moyo ukitukana. Kisha akaibeba maikromita ikiwa vipande vipande kwenye kitambaa chake, akaenda nayo ofisini.

"Kaka, hii umeifungua wewe."

"Ni mimi," kaka akajibu bila kubisha. "Shemeji alinipigia. Nikasema nijikumbushe hii kazi, ili ukiondoka uondoke na amani. Kumbe nimeiharibu."

Mfungwa aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Akavuta kiti, akamwomba kaka waifunge pamoja. Kaka alitia tone la mafuta mepesi, akaurudisha ufito mahali pake, akaigusa nati kwa spana ndogo na kuiacha palepale inapotakiwa. Vidole havikuwa vimesahau kitu. Mfungwa akaliona basi akilini, akawaona watoto wakikimbilia mkoba wake.

Ikabaki kuhakikisha sifuri, kwamba ncha zikigusana mstari unakaa penyewe. Kaka akazikutanisha ncha, akaisogeza maikromita karibu na taa, akaigeuza hivi, akaigeuza vile, akaileta hadi puani.

"Ipo sifuri," akasema.

Haikuwepo. Mstari ulikuwa umekaa kando kabisa, mkereza mgeni angeuona akiwa mlangoni. Mfungwa akamtazama kaka, na kaka alikuwa akitabasamu upande wa ukuta, akisubiri kusikia. Kumbe macho yameshakwenda. Yameondoka kimyakimya, na mwenyewe anayaficha. Kumwambia ukweli ni kumfungia karakana yake. Kunyamaza na kupanda basi ni kuacha kila chuma kitoke kimepimwa kwa macho yale.

"Ipo, kaka," Mfungwa akasema, akaipokea maikromita.

"Basi nenda, mdogo wangu. Kesho usilikose basi."

Alirudi kizimbani akiwa na ruhusa aliyoitafuta muda wote huo. Akakaa. Simu ikalia, mkewe akauliza kama ameaga. Akajibu ameaga. Akauliza kama kaka amekubali. Akajibu amekubali, tena kwa moyo mweupe. Mke akacheka kwa furaha, akasema watoto hawatalala leo. Simu ilipokatika alitandika tena kitambaa, akaifungua maikromita, akaanza kuitafuta sifuri.

Jumamosi asubuhi, basi likiwa limeshaondoka, wakereza walifika na birika lao. Waliposikia spana ikigusa chuma ndani ya wavu, mmoja akaita kama kawaida:

"Mfungwa, chai unakunywa?"

Mkono ukatoka wavuni, umeshika kikombe.