Niliwaambia wapige simu kwanza

Kosa ni langu, na naomba mtu asinitafutie cha kunitetea. Niliwafukuza wageni wa mama yangu mzazi, nao hawarudi tena. Sijamwambia yeyote. Nawaambia ninyi kwa sababu hamnijui, wala hamtakutana na mama kanisani.

Sisi ni watu wa Bukavu. Tuliishi Evere, Brussels, miaka mingi, katika ghorofa iliyo karibu na kituo cha tramu. Baba alifia humo. Akina mama wa kanisani walipita kwetu bila taarifa, mmoja akitoka sokoni, mwingine akisubiri tramu, mwingine kagombana na mumewe. Mama alipika sufuria kubwa kila siku kwa sababu hakujua nani angekuja. Hivyo ndivyo anavyojua kuishi.

Mimi nilichoka. Nafanya kazi katika nyumba ya wazee, nawaogesha, nawalisha, nasikia kengele zao kutwa. Nikirudi nakuta viatu vimejaa mlangoni na sebule inacheka. Jamani, nilitamani kimya. Ndipo nikaanza kutafuta nyumba kijijini.

Nikaipata mbali na mji, mahali ambapo Jumapili hata basi halipiti. Nyumba ya matofali mekundu, bustani, nyuma yake mashamba ya viazi na ng'ombe wachache. Nilisaini kabla mama hajaiona, nikajidanganya kwamba ni zawadi yake. Alipofika alizunguka vyumba vyote, akalisifu jiko, kisha akasimama dirishani.

"Bon, iko nyumba muzuri sana, mutoto yangu. Sasa batu banapitaka wapi?"

"Maman, hapa ni kimya. Batu habapitake ovyo."

"Ah, bon," akasema.

Jumapili ya kwanza, baada ya misa, wenzake wakaja. Walikuwa wamejibana kwenye magari mawili, masufuria ya sombe, kisamvu chetu, magotini, na walianza kuimba kabla hata ya kushuka, waibariki nyumba. Mama alitoka na kitambaa cha jikoni mkononi, akacheza nao pale pale barabarani. Tangu baba afariki sikuwahi kumwona na furaha ile.

Mimi macho yangu yalikuwa kwa jirani. Ni mzee wa Kibelgiji anayeishi peke yake, na saa ile ile alikuwa anashusha mapazia. Nikawaza, sasa watasema Wakongomani wamefika, amani ya kijiji imekwisha. Niliona aibu. Niliwaonea aibu watu waliolala sakafuni kwetu siku zote za msiba wa baba.

Walipokuwa wanaondoka nilimsindikiza Maman Furaha, rafiki mkubwa wa mama, hadi kwenye gari. Mama alikuwa ndani anawafungia chakula. Nikalainisha sauti.

"Maman Furaha, siku ingine, mbele ya kuya, mupigeke simu. Unajua, hapa kuko voisins, majirani, donc..."

Aliniangalia, akajifunga vizuri kitenge chake kiunoni.

"Aksanti, mutoto yangu. Tumesikia."

Ninyi mliolelewa kwetu mnajua nilichomwambia. Daktari ndiye unayempigia simu kwanza. Mtu wa nyumbani anagonga tu mlango, na ukimtaka atangulize simu umeshamwambia kwamba si wa nyumbani tena. Nililijua hilo nikiwa nimesimama pale, na bado nikalisema.

Hawakuja tena. Mama akapika Jumapili iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Nilipomwambia apunguze chakula alinijibu, "Kama banakuya, batakula nini?" Akaanza kujitafuta kosa. Labda sombe ilizidi chumvi. Labda kuna mtu hakumsalimia vizuri. Nami nikakaa naye mezani, nikamwambia labda ni umbali tu, nikaendelea kula.

Halafu mdogo wake wa mwisho akafariki Bukavu. Mama akasogeza meza ukutani, akapanga viti vyote tulivyo navyo, hata vya bustanini, kama inavyofanywa kwenye matanga. Akakaa kwenye kimoja na kungoja. Nilijifungia bafuni nikampigia Maman Furaha, nikalia, nikamwomba msamaha, nikamsihi waje.

"Apana, mutoto yangu, hatuko na kinyongo," alinijibu kwa upole kabisa. "Tutapiga simu."

Na kweli walipiga. Siku nzima simu ya mama ililia. Mmoja mmoja alimpa pole, akamwombea, akakata. Hakuna aliyefika. Wa mwisho alikuwa Maman Furaha mwenyewe, na mama aliondoka na simu hiyo akaenda kuisikilizia chumbani. Aliporudi hakunitazama. Alianza kurudisha viti mahali pake.

Juzi juzi nilikutana na yule jirani kwenye ua wa miti. Akaniuliza wale akina mama waimbaji wamepotelea wapi. Mapazia aliyashusha kwa sababu ya jua, akasema, lakini dirisha aliliacha wazi ili awasikie. Nikamwambia wanakaa mbali.

Asubuhi moja nikiwa jikoni simu yangu ikalia. Alikuwa mama, na mama alikuwa chumbani kwake, juu ya kichwa changu.

"Maman, kuko nini? Umeanguka?"

"Apana. Niko nauliza kama naweza shuka kunywa chai."

Hakuwa na hasira wala kejeli. Alikuwa anauliza kweli. Tangu siku hiyo anapiga kila asubuhi. Nimempigia magoti, nimelia, nimemwomba aache. Ananiinua taratibu na kuniambia, "Hapa ni kwako, mutoto yangu," na kesho yake anapiga tena. Nyumba yetu ya Evere wameshaingia watu wengine. Akina mama nimewaalika mpaka nimechoka, wanashukuru, wanasema wataangalia. Sijui tena nifanye nini.

Wewe unayetafuta nyumba mahali patulivu, nunua, sikukatazi. Ila muulize kwanza mzee utakayemhamisha ni watu gani wanaomfanya aamke asubuhi. Na mgeni wa mama yako akigonga, mfungulie, hata kama umechoka, hata kama jirani anatazama.

Naishia hapa. Simu inalia, na chai yake bado sijaiweka mezani.