Mswada Haujapita

Mke wa kaka yangu ni mgonjwa wa moyo. Aliposhika mimba ya tatu, daktari mmoja mjini Kisii alimwambia wazi kwamba moyo hautaibeba, itolewe ingali changa. Wifi alilia, akakubali, akapewa siku. Nikafunga kibanda changu cha ndizi pale Mosocho, nikamsindikiza.

Tulimkuta daktari amebadilika. Redio ilikuwa imetangaza mswada wa kuzuia utoaji mimba, hata zile za wiki za mwanzo.

"Mama, sheria imekuja," akaniambia.

"Imekuja ama iko njiani?"

Muuzaji akitaja bei hajauza bado, na daktari alijua hivyo kama mimi. Alichoogopa ni watu. Muuguzi wake anaimba kwaya na nusu ya mtaa.

"Niletee mtu wa serikali aseme haijapita," akasema mwishowe. "Hata kama ni sauti iliyorekodiwa kwa simu."

"Kwa simu utakubali?"

"Nimesema nitakubali."

Nilimwuliza tena tukiwa mlangoni. Jibu halikubadilika.

Kesho yake wananchi walikuwa wanatoa maoni kuhusu huo mswada katika ukumbi mmoja Nyamira. Nilikaa karibu na mama wa kanisa letu.

"Dada, umekuja kutetea watoto?"

"Nimekuja kuuliza swali."

Kipaza sauti kiliponifikia, nilimwuliza afisa aliyekaa mbele kama leo hii mswada ni sheria.

"Bado. Ni pendekezo. Kwa sasa, mama akiwa hatarini, daktari anaruhusiwa kumsaidia."

Nikamwomba arudie.

"Muuza ndizi anataka nyongeza," mtu akasema nyuma, ukumbi ukacheka. Mwingine akauliza ni mimba ya nani naiulizia, na umri huu. Afisa akarudia, polepole, kwa hasira kidogo. Simu yangu ilikuwa inarekodi. Yule mama wa kanisa aliiona, akasogeza kiti chake.

Nikarudi Kisii na wifi, daktari akaisikiliza rekodi yote, kicheko na matusi ndani. Akamwita wifi, akamwuliza kama bado anataka.

"Sitaki," wifi akasema. "Lakini nina wawili nyumbani."

Akaingizwa mchana huo, akatoka akitembea mwenyewe.

Jioni, kwake Marani, nilimpikia uji wa wimbi. Akaniambia huyu alikuwa anamtaka kuliko wale wengine. Nikamwongezea uji, akaunywa.