Jino Lisilo na Tundu

Habari ya kifo chake ilinikuta Jumanne asubuhi kwenye kiti cha kinyozi, hapa Kabondo, nusu ya kichwa ikiwa imekwisha kunyolewa. Mwenzetu mmoja wa kwaya alikuwa akipita kwa baiskeli, akaniona mlangoni, akaweka mguu mmoja chini, akaniita mjomba kwa Kifaransa, kama wengi wanavyoniita hapa. “Tonton, umesikia? Papa wa solo amekufa. Homa ya siku sita tu, bon, njo imeisha.” Kinyozi alizima mashine yake. Nilimwomba aiwashe tena amalize, maana nisingeweza kwenda msibani na nusu ya nywele, na nilipokuwa nimeinamisha kichwa ndipo nilipogundua kwamba kilichonibana kifuani hakikuwa huzuni peke yake. Ndani yake mlikuwa na aibu, aibu ya miaka mitatu, na hiyo ndiyo ninayotaka kuwaeleza leo, ninyi mnaonisoma kila wiki na ambao mmezoea kuniona nikiwanyooshea wengine kidole.

Marehemu alikuwa mvuvi wa maporomoko, kama baba yake na babu yake. Kwenye kwaya yetu ndiye aliyeimba solo, akisimama mbele upande wa teno, mimi nikiwa nyuma kabisa upande wa besi, ambako makosa hayasikiki sana. Sauti yake haikuwa kubwa, ila ilikuwa na usafi fulani, kila neno likifika benchi la mwisho likiwa zima. Nilipomfahamu alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mabega mapana, mwenye sigara moja daima nyuma ya sikio. Alikuwa na mazoea ya kukaza mafundo ya mitego yake kwa meno. Nilimtazama siku moja ukingoni mwa mto akisuka mtego mkubwa wa samaki: mikono miwili ilishika fito, na meno yakavuta kamba hadi shingo ikatoka mishipa. “Mungu alinipa mikono mbili,” aliniambia, “lakini kazi hii iko ya mikono tatu.” Tukacheka sote wawili.

Fizi zake zilianza kutoa damu zamani sana. Akitafuna muwa, kipande kilitoka na wekundu. Akipiga mswaki, mate yalikuwa na damu. Jirani alimshauri aache mswaki ili fizi zipumzike, akauacha, na kweli damu alikuwa haioni tena kila asubuhi, akadhani amepona. Hakuwa na maumivu. Mtu asiye na maumivu hapandi baiskeli kwenda kutafuta mganga wa meno, hasa katika mji ambao wengi wetu tunamjua mganga huyo kama mtu wa kung’oa tu. Kisha, katika mazoezi ya kwaya ya Jumamosi moja, katikati ya ubeti, alinyamaza. Tulidhani amesahau maneno. Aliweka kiganja mdomoni, akageuka, akaja moja kwa moja nilipokuwa nimekaa, akafungua kiganja. Lilikuwa jino la mbele la chini, refu, jeupe, mzizi na vyote.

“Tonton, angalia. Tundu iko wapi?”

Niliangalia. Tundu halikuwepo.

“Iko muzima,” alisema. “Jino muzima haitoke yenyewe. Kuna mutu anaivuta.”

Sentensi hiyo ndiyo iliyozaa yote yaliyofuata. Katika uwanja wa nyumba yake alikuwa akiishi mjane wa mdogo wake, mwanamke aliyetoka Yanonge, pamoja na binti zake wawili. Ndiye aliyempikia shemeji yake tangu alipofiwa na mke. Walikuwa wakigombana, kama watu wanaokula chungu kimoja wanavyogombana, na siku moja, mvuvi alipomdhihaki mbele ya wageni kwamba pondu yake, majani ya muhogo aliyoyapika, ina mchanga, mjane alimjibu: “Kinywa yako iko naongea sana. Siku moja itafunga.” Wageni walicheka. Lakini jino la pili lilipoanza kutikisika, na la tatu, mtu fulani aliikumbuka kauli hiyo, akaipeleka kwa ndugu wa ukoo, na mama mmoja wa maombi akasema ameona katika sala mwanamke ameshika kamba, na kamba hiyo imefungwa kwenye meno ya mtu.

Waliitisha kikao Jumapili baada ya ibada. Mimi niliitwa kama rafiki wa familia na mtu wa gazeti, mtu anayejua kusikiliza. Tulikaa kwenye viti vya plastiki uwanjani, mjane akiwa peke yake juu ya kigoda, mikono imepakatwa, binti zake wamesimama mlangoni pa jiko. Kaka mkubwa wa ukoo aliuliza, yule mama wa maombi akajibu, mwingine akauliza, akajibiwa na mwingine. Marehemu mwenyewe alikaa ameziba mdomo kwa leso.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwaka mmoja kabla ya kikao hicho, mimi mwenyewe nilikuwa nimekalia kiti cha muuguzi wa meno, hapa hapa Kabondo, kwa sababu meno yangu mawili ya nyuma yalikuwa yakicheza bila kuwa na tundu. Muuguzi huyo, mama mwenye miwani minene na mkono mwepesi, alinikwangua ukoga, akanieleza ugonjwa huo kwa kina, akanionya nisiache mswaki. Nilijua. Pale kwenye kiti cha plastiki nilikuwa nalijua jina la mwizi wa meno yale kuliko mtu yeyote uwanjani. Mjane alinigeukia. Alinitazama mimi peke yangu, akasema kwa sauti ya chini:

“Tonton, weye unajua kusoma. Sema basi kitu.”

Niliangalia viatu vyangu. Nilijiambia kwamba mimi si daktari. Nilijiambia kwamba haya ni mambo ya ukoo, na mgeni hapaswi kuingilia. Nilijiambia pia, na hili ndilo la kweli zaidi, kwamba mtu anayemtetea mshutumiwa wa uchawi huondoka kikaoni naye akitazamwa kwa jicho la pembeni. Kwa hiyo nikanyamaza, na kimya changu kilihesabiwa kama kura: ukoo uliamua aondoke. Kabla jua halijashuka, mama huyo alikuwa amefunga vyombo vyake katika vitenge viwili, akavuka mto kwa pirogi, mtumbwi wa gogo, kwenda Lubunga, kwa binamu yake anayelima mihogo karibu na reli. Binti mdogo alikuwa bado amevaa sketi ya shule ya Jumapili.

Yaliyotokea baada ya hapo labda mnayakisia. Mjane aliondoka, na meno yakaendelea kutoka. La nne lilitoka baada ya majuma machache, na la tano likaning’inia. Usaha ulianza kutoka kwenye fizi, na pumzi yake ikawa nzito kiasi kwamba kwenye mazoezi wenzake wa teno walisimama mbali naye kidogo kidogo, wakijifanya wanatafuta mwanga wa kusomea. Alikula lituma tu, ndizi iliyopondwa laini kama chakula cha mtoto, na mafundo ya mitego akamwachia mpwa wake. Herufi zilianza kumtoroka: kila “s” ilitoka na upepo. Akaacha kuimba. Siku moja alikuja kwangu, akakaa barazani, akasema: “Alienda, lakini meno iko namufuata. Donc, nani sasa?” Hapo ndipo niliposema. Nilisema nikiwa nimechelewa, na hata hivyo sikusema yote. Nilimwambia tu, twende, kuna mtu nataka umwone.

Muuguzi yule yule aliyenitibu alimwangazia mdomoni, akamzungusha kichwa taratibu, kisha akachukua chombo chembamba chenye ndoano na kukwangua nyuma ya jino moja lililobaki. Alipaka alichokipata juu ya kitambaa cheupe, akamwonyesha. Kulikuwa na utando wa njano, laini kama uji, na vipande vigumu vya rangi ya kahawia vilivyofanana na chokaa.

“Papa, unaona? Hii laini iko bakteria, mingi sana, hauwezi kuhesabu. Kila siku inajipaka kwa meno, hapa kwa mupaka ya fizi. Ukipiga muswaki, inatoka. Ukiiacha, inakuwa nguvu kama jiwe, njo tunaita tartre, na ingine inajipaka juu yake.”

“Na fizi inafanya nini?”

“Fizi inapigana. Inavimba, inakuwa nyekundu, inatoa damu. Ile damu iko kama mutu anapiga kelele. Weye uliacha muswaki, bakteria ikabaki, na sigara yako ikasaidia kufunga kelele. Alors, fizi inaachia jino, inafanya mufuko, bakteria inashuka mule ndani, na mwili yako yenyewe, kwa kupigana, iko namaliza mufupa yenye kushika jino. Jino haina ugonjwa. Jino ilikosa mahali ya kusimama.”

Kisha mvuvi akauliza kile kilichomleta. “Nani alituma hii kitu?”

“Hakuna mutu alituma, Papa. Hata mu kinywa yangu iko. Hata mu kinywa ya pasta.”

“Ilianza lini?”

Muuguzi alipima kwa macho, akagusa fizi tena. “Mufupa kuisha hivi, haiko kazi ya mwezi moja. Hii iko ya miaka mingi. Pengine kumi, pengine kupita.”

Nilimwona akihesabu. Midomo yake ilisogea bila sauti, akarudi nyuma mwaka hadi mwaka, halafu mkono wake ukashika pembe ya kiti. “Miaka kumi,” alisema, “ndugu yangu alikuwa hajamuoa. Yule mama tulikuwa hatumujui.” Hakulia. Aliomba maji, akasukutua, akatema, akakaa akitazama kitambaa kile kama mtu aliyesomewa hukumu. Muuguzi alimwambia ukweli wote: mfupa uliokwisha kuliwa haurudi, lakini meno yaliyobaki yanaweza kushikiliwa, akikubali kukwanguliwa mara kadhaa, kuacha tumbaku, na kupiga mswaki kila siku kwa upole hata kama damu inatoka mwanzoni. Alikubali yote. Kisha akanigeukia akaniomba twende Lubunga.

Tulimkuta mjane akimenya mihogo. Marehemu alisimama mbele yake, hakutafuta kiti. Alimweleza yote aliyoambiwa, bakteria, mfupa, miaka kumi, akafungua mdomo kabisa ili aone. Mjane aliacha kisu juu ya mihogo. “Papa, nasikia. Mi nakusamehe, niko Mukristo. Lakini batoto yangu banaitwa batoto ya ndoki, ya muchawi, mpaka huku ng’ambo. Kuniomba musamaha hapa, batu tatu tu, itasaidia nini? Uende kusema kule balinifukuza.” Kisha akanitazama mimi. Sikusubiri aseme. Nikamwambia kwamba siku ile nilijua, na sikusema. Aliokota kisu, akaendelea kumenya.

Na yule mvuvi alikwenda kusema. Hilo ndilo ninalotaka mlikumbuke juu yake kuliko sauti yake. Alipita nyumba kwa nyumba katika mtaa wake, mtu mwenye haya, aliyezoea kuziba mdomo kwa leso, akiufungua mbele ya majirani, akionyesha mapengo na kueleza kwa nini. Alisimama mbele ya kwaya akasema kwamba alimfukuza mwanamke asiye na kosa kwa sababu ya uchafu wa kinywa chake mwenyewe. Wengine waliguswa. Wengine walicheka akishaondoka. Mama wa maombi alisema kwamba hata bakteria huweza kutumwa. Mjane hakurudi kuishi katika uwanja ule, na sidhani alipaswa kurudi. Meno yaliyobaki yalikaa hadi siku ya kufa kwake.

Alhamisi kwenye matanga mjane alifika, kitenge cheusi, binti zake wawili nyuma yake, wamerefuka sasa. Alikaa mwisho wa benchi la akina mama, na nikaona wanawake watatu wakisogea, mmoja mmoja, kana kwamba wanatafuta kivuli. Nilichukua kiti changu nikakiweka kando yake. Mzee mmoja aliponiuliza kwa mshangao kama nimekosa mahali, nilimjibu kwa sauti ambayo benchi zima liliisikia: mwanamke huyu hakumfanyia marehemu lolote, marehemu mwenyewe alilisema hilo, na mimi nililijua tangu siku ya kwanza. Nilieleza habari ya utando na fizi na mfupa pale pale, mbele ya jeneza, na sikuieleza vizuri kama muuguzi. Mjane hakunishukuru. Alikuwa akilia kwa ajili ya marehemu, si kwa ajili yangu. Lakini tulipokuwa tukisimama kwenda makaburini, mwanamume mmoja wa makamo, dereva wa pikipiki, alinivuta mkono pembeni, akaweka kiganja mbele ya mdomo wake, akaniuliza kwa kunong’ona yule muuguzi anafanya kazi wapi.

Nilimwelekeza hadi mlangoni. Nanyi nawaambia: simameni mbele ya kioo, vuteni mdomo, angalieni mpaka wa fizi na meno. Fizi ikitoa damu, msiuache mswaki, na msingoje maumivu, kwa sababu ugonjwa huu hufanya kazi yake kimya kimya kwa miaka. Na mwenye kujua jambo linaloweza kumwondolea mtu lawama, alitamke siku ile ile, mbele ya watu wale wale, hata kama sauti inamtetemeka. Mimi nilingoja, na kuna watoto wawili ambao hawakukulia nyumbani kwao.