Daftari Lililokataa Kukaa Kabatini

Mimi nilikuwa muuguzi, si mtu wa makumbusho. Nilikuja Stockholm kutoka Tanzania kwa mafunzo, nikaolewa, nikabaki, na katika miaka ya themanini nilikuwa naishi Tensta, mtaa wa pembezoni mwa jiji. Siku moja jirani yangu Mswidi, mwalimu mstaafu, alinikuta kwenye chumba cha kufulia. Nguo zangu zilikuwa zinazunguka kwenye mashine, sikuwa na pa kukimbilia.

Mama huyo ndiye aliyekuwa akitunza chumba cha historia ya mtaa, pale chini ya jengo letu.

"Tuna mikebe ya maziwa na picha za wakulima waliokuwa hapa kabla ya maghorofa," aliniambia. "Ila ninyi mnaoishi hapa leo hammo. Kabati moja la vioo ni lenu. Lijazeni."

Nikakubali. Kitanzi nilijivisha mwenyewe.

Wasemaji wa Kiswahili tulikuwa na kawaida ya kukutana Rinkeby, mtaa wa jirani, kila Jumamosi: Watanzania, Waganda, Wakenya, Wakongo wachache. Nilisimama nikawaeleza, wakapiga makofi, kila mtu akasema ana kitu, ataleta kesho. Baada ya miezi miwili nilikuwa nimepata twiga wa mbao aliyenunuliwa uwanja wa ndege, kikapu ambacho mwenyewe alikuja kukichukua kwa sababu amepata wageni, na kaseti. Mwenye kaseti alisema ina sauti ya marehemu mama yake akimtumia salamu. Niliisikiliza yote. Muziki wa dansi, mwanzo hadi mwisho. Alikuwa amerekodi juu ya sauti ya mama yake.

Nilipomwambia aliigeuza kaseti mkononi. "Upande wa pili je?"

"Nao pia."

"Mpaka mwisho?"

Nilitaka kumfokea, nikashindwa.

Aliyeniokoa alikuwa mzee mmoja wa Kiganda. Kwao alikuwa mwalimu. Aliikimbia serikali ya huko, na Stockholm akawa anasafisha mabehewa ya treni. Nyumba yake ya Rinkeby ilijulikana: ukishuka kwenye ndege huna pa kulala, unalala sebuleni kwake. Siku ya kuondoka anakupa daftari, unaandika jina lako na sentensi moja. Nililisoma mezani kwake hadi chai ikapoa. "Nimelala siku tisa, sijaulizwa naondoka lini." "Mzee amenipa viatu vyake, vinanibana, nimevivaa." "Leo nimecheka mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani, sikumbuki kwa nini."

Alinipa. Nililipeleka Tensta kama mtu aliyebeba mayai.

Wiki iliyofuata nikalikuta kabatini, limefunguliwa wazi, majina yote yanasomeka. Kando yake twiga wa mbao. Chini, kibandiko: "Kitabu cha wageni, Afrika."

"Afrika wapi?" nilimuuliza yule mama. "Kimeandikwa Rinkeby, kituo kimoja kutoka hapa!"

"Twiga anachangamsha," alinijibu.

Kabla sijamaliza kubishana, mzee akaingia na sare yake ya kazi, amekuja kuona. Aliinama juu ya kioo muda mrefu, kisha akaweka kidole juu ya jina moja.

"Binti, huyu mtu mama yake bado iko kwetu," alisema. "Unajua jina yake itafika wapi?"

Akafungua kabati, akalitia daftari ndani ya koti, akaondoka.

Hapo ndipo nilipokuwa mshenga wa ndoa isiyotakiwa na pande zote mbili. Mama anasema daftari limekwisha kupewa namba, haliwezi kutoka tu hivihivi. Mwambie tutalifungia miaka mingi, asilisome mtu. Napanda treni hadi Rinkeby, nafikisha ujumbe. Mzee anauliza, "Na ufunguo itakaa na nani?" Narudi Tensta. Mama anaudhika: kwani yeye ni polisi? Narudi Rinkeby. Wote wawili walikuwa na haki, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Ningejua wa kumlaumu ningelala vizuri.

Safari ya nne au ya tano uvumilivu ukaniishia. "Mzee, basi soma mwenyewe!" nilisema, na sauti yangu haikuwa ya adabu. "Ruka majina, mimi nirekodi. Daftari ubaki nalo."

Alinitazama, akavaa miwani. "Hiyo ulikuwa unangoja nini kuisema?"

Tulirekodi Jumapili mbili. Alisoma kama yuko mbele ya darasa, na kila mgeni aliyekosea tahajia alisahihishwa humo humo kwenye kaseti.

Siku ya ufunguzi chumba kilijaa. Tuliwasha rekoda, nami nikawa nawatafsiria Waswidi. Ilipofika sentensi ya siku tisa, dereva mmoja wa basi, Mkenya, akaruka kutoka kitini.

"Siku tisa? Nililala kumi na nne! Niliona aibu kuandika zote!"

Miezi yote ile tumehangaika kuficha majina, naye anajitangaza mbele ya Waswidi. Mwingine akadai vile viatu ni yeye aliyevivaa. Mama akadakia, "Unavyo bado? Vilete!" Wakaanza kubishana nani alifika kabla ya nani, wa tatu akalia, na mzee akacheka mpaka akavua miwani.

Kaseti ilibaki Tensta, daftari likabaki kwake, na wageni waliendelea kuandika. Ila habari zilikuwa zimeenea kwamba maneno yao huenda yakasomwa hadharani. Wakaanza kuandika hotuba. Kurasa mbili, tatu, za shukrani kwa serikali na mataifa yote, hakuna viatu, hakuna aliyecheka. Mzee alinionyesha siku moja, akifunua kwa hasira.

"Ona umefanya nini," alisema.